Kaburi la Mangi wa Wake Arobaini

Mpaka wa kihamba cha Hilaria ulihama mwaka ule wa mvua za elinino. Ulitoka ulipokuwa, ukashuka hatua kumi na mbili, ukauvuka mdomo wa pango, ukauvuka mparachichi, ukalivuka na kaburi la marehemu mumewe, kisha ukaenda kupumzika nyuma ya banda lake la mbuzi. Mpaka hauna miguu, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini shemeji yake Ambrosi aliapa mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba ule mstari wa masale ulikuwa palepale tangu babu yake angali ananyonya, na mwenyekiti akaandika.

Yote hayo yalitendeka Hilaria akiwa Kahe, akimuuguza dada yake. Mvua zilibeba daraja, zikabeba na mbuzi wa watu, na wapo wanaoapa kwamba zilibeba kanisa dogo zima, mwalimu wa kwaya akiwa ndani bado anaitafuta sauti ya tatu. Hilaria akakwama huko wiki saba. Aliporudi Kibosho alikuta kampuni ya utalii kutoka mjini imeshakaribishwa na Ambrosi: njia imemwagwa changarawe, kibanda cha tiketi kimesimama, na kibao kikubwa kimechorwa mbega mwenye mkia mweupe, anacheka. Ndani ya kibanda alikuwa ameketi binti yake mwenyewe, Bernadetha. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani mjini, akarudi nyumbani wiki moja kabla ya mama yake, na baba yake mdogo akampa kazi ya kukata tiketi kabla hajapata nafasi ya kuuliza swali.

Mtu wa mbali aelezwe jambo moja mapema, asije akapotea njiani. Huku mlimani kihamba, yaani shamba la ukoo, hakina hati. Hati yake ni isale, au masale yakiwa mengi, ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mpakani na kwenye makaburi. Na mmea huohuo una kazi nyingine kubwa zaidi. Mtu akimkosea mwenzake, huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akaenda kulitoa kwa mikono miwili. Ukitolewa isale hukatai. Hata kama mtu amekuchomea nyumba, unalipokea, na kesi inakufa hapo, haifufuki tena hata kwa wajukuu. Anayelikataa, laana inamgeukia yeye.

Hilaria alijua hayo kama anavyojua Salamu Maria. Na alijua jambo jingine, dogo. Ambrosi aliyang'oa masale haraka haraka, kwa jembe, kama mwizi anayechimba viazi, akayapanda nyuma ya banda la mbuzi. Vishina vilibaki ardhini. Kila baada ya manyunyu vilichipua katikati ya changarawe ya kampuni, vimejipanga mstari, na kila Jumatatu mlinzi aliyeitwa Denis aliagizwa apite na panga kuvifyeka. Hilaria alikuwa akisimama kwenye banda lake la mbuzi, anavihesabu. Vilikuwa kumi na tisa, na hakikupungua hata kimoja.

*

Siku ya kumbukumbu ya marehemu Filemon, mwezi wa sita, Hilaria alifunga kitambaa cha kanisani, akabeba panga la kupalilia na maua aliyoyachuma uani, akapanda kuelekea kaburini. Denis alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mparachichi, akishughulika na kinyonga. Kampuni ilitaka wageni waone kinyonga, na kwa kuwa kinyonga hana tabia ya kungoja watu, Denis alipewa kazi ya kumfunga uzi mguuni kwenye mti wa kahawa kila asubuhi. Alimwogopa kinyonga kuliko chui, kama watu wote wa huku, kwa hiyo alikuwa akimfunga kwa kutumia koleo, amegeuza uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Denis. Nipishe."

Denis aliinuka, lakini hakupisha. Aliangalia viatu vyake, akaangalia viatu vya Hilaria, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tiketi."

Hilaria alidhani hakusikia vizuri. Denis akaeleza, huku akijikuna shingo, kwamba bosi yupo, Vedastus, amekuja na wageni sita, na amesema leo mtu asipite bila tiketi, hata awe nani. Wageni ni dola tano. Wenyeji ni shilingi mia mbili.

"Denis, saruji ya lile kaburi niliikoroga mimi. Nililala nayo kwenye kucha mwezi mzima."

"Najua, mama. Hata mimi nilibeba mchanga."

Pale juu, mgeni mmoja mwenye kofia pana alikuwa amekaa juu ya kaburi la Filemon, ananyoosha miguu, anamenya ndizi mbivu. Vedastus alikuwa amesimama mbele yao, kijana mnene wa fulana yenye picha ya mlima, anazungumza Kiingereza kwa mikono yote miwili. Alizaliwa mjini Moshi, akasomea Dar es Salaam, na huku juu alikuwa akija siku za Krismasi tu, kula nyama. Hilaria akauliza anasemaje. Denis alikuwa ameyasikia mara nyingi hata akayakariri. Akatafsiri taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Anasema hilo ni kaburi la Mangi Filemoni wa Pili, mtawala wa hapa wa zamani. Alijificha pangoni na watu wake miaka saba wakipigana na Wamasai. Anasema pango lilitokea Tarakea, mpakani mwa Kenya."

"Filemon alikuwa fundi wa baiskeli."

"Najua, mama. Aliniziba pancha nyingi. Anasema pia alioa wake arobaini."

Hilaria alifikiri kidogo. "Arobaini," akasema. "Na huyu mmoja alimshinda."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda hadi kwenye kibanda, akafungua pindo la kanga, akaweka shilingi mia mbili mbele ya binti yake. Bernadetha alijaribu kuzirudisha. Alisema atalipa yeye, mama apite tu, asimwaibishe. Hilaria akamwambia akate tiketi, tena aandike tarehe. Binti aligonga muhuri bila kuutazama, ukagonga pembeni. Kisha Hilaria akapanda, akamwonesha Denis tiketi, akafika kaburini na kusimama mbele ya yule mgeni akiwa na panga mkononi. Yule mgeni aliinuka upesi sana. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba aliomba radhi kwa lugha yake, na hata lile ganda la ndizi alilitia mfukoni.

Alipalilia mpaka jua likapanda, akasali, akashuka. Tiketi hakuitupa. Aliiweka kabatini ndani ya kitabu cha sala, kwenye ukurasa wa litania ya marehemu.

*

Mwenyekiti wa kijiji alimwambia alete karatasi. Hilaria akamwambia karatasi ni masale. Mwenyekiti akasema basi masale yaliyopo yanaonesha mpaka uko nyuma ya banda la mbuzi. Hilaria akaenda kwa wazee wa ukoo, na mkubwa wao alikuwa Mzee Leodegar, ambaye alikuwepo siku baba mkwe wa Hilaria alipowagawia wanawe Filemon na Ambrosi kihamba, na alitembea kwenye mpaka ule kwa miguu yake. Lakini Mzee Leodegar naye alikuwa ameajiriwa. Kampuni ilimvisha ngozi ya mbuzi juu ya suruali, ikamketisha na wenzake watatu mbele ya nyumba ya msonge iliyojengwa mwezi uliopita na kuitwa ya kale, wakawa wanakunywa mbege, pombe ya ndizi, mbele ya wageni, kuanzia saa nne hadi saa kumi. Ni kazi ambayo wazee wengi wangeifanya bure. Leodegar alisema kumbukumbu yake siku hizi si nzuri, akatazama ndani ya kata yake ya mbege kana kwamba kumbukumbu imezama humo.

Aliyemletea Hilaria habari yenyewe ni jirani yake, mwanamke aliyeitwa Dominika. Dominika alikuwa na kazi katika mchezo. Maana kampuni ilikuwa na mchezo, ndio uliokuwa ukiwapendeza wageni kuliko pango na kuliko mbega, ambao walikwishahamia msituni tangu kipaza sauti kilipokuja. Mchezo uliitwa Msamaha wa Wachagga. Ambrosi anapiga magoti na isale mkononi, anasema ameiba ng'ombe, Dominika, aliyekaa kwenye kigoda, analipokea, wazee wanaitikia, wawili wale wanakunywa mbege kutoka kata moja, wageni wanapiga makofi na wengine wanalia. Jani walilolitumia lilikuwa la mgomba.

"Ameniondoa," Dominika alisema, amesimama mlangoni mwa jiko. Hilaria alikuwa akimenya ndizi za kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi. "Jumamosi kuna wageni thelathini, na wakubwa wa kampuni ya Ulaya wamo. Ambrosi anataka ukae wewe. Na amesema jani la mgomba ni uongo, safari hii watumie isale lenyewe."

"Tangu lini Ambrosi anachukia uongo?"

Dominika akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema jana kilabuni Ambrosi alilewa akajisifu. Alisema shemeji yake akishapokea isale mbele ya wazee wanne wa ukoo, basi, amesamehe. Amesamehe nini? Amesamehe yote. Hata akienda mahakamani, wazee watasema walimwona analipokea. Na akilikataa mbele ya watu, ndiye atakayelaaniwa.

Kisu cha Hilaria kilisimama juu ya ndizi. Akaitazama ile ndizi muda mrefu, kama vile ndiyo iliyosema.

*

Walikuja Alhamisi alasiri, Vedastus na Ambrosi, na kilo mbili za sukari na doti ya kanga. Vedastus aliamkia vizuri, akakaa, akaupongeza mtori kabla hajaonja. Alizungumza sana. Alisema utalii wa utamaduni ndio kahawa mpya, maana kahawa yenyewe sasa wanunuzi binafsi wanaichukua kwa bei ya mchicha. Alisema wazungu hawataki tena mlima tu, wanataka watu. Aliomba pia, kwa heshima zote, kwamba Jumamosi mabeseni ya plastiki yasianikwe nje, na bati la nyumba lifunikwe majani ya migomba, kwa sababu linang'aa kwenye picha.

"Na mimi nifunikwe nini?" Hilaria aliuliza.

"Ngozi kidogo tu, mama. Juu ya gauni. Na rozari ukiweza uivue."

Ambrosi alikuwa anapuliza mtori wake. Alikuwa na sura ya Filemon, hilo ndilo lililokuwa likimuuma Hilaria kila siku: pua ileile, nyusi zilezile, zimewekwa kwa mtu mwingine. Mwishowe akasema, bila kumtazama, kwamba ni mchezo tu, shemeji, dakika tano.

Baada ya hapo Vedastus akageukia kwa Bernadetha, akasema kwa upole uleule kwamba kampuni inafikiria kupunguza wafanyakazi wa getini, ila bado haijaamua. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Walipotoka kidogo kumtazama mbuzi, Bernadetha alimsogelea mama yake. Alimwambia kwamba amechoka kurudi nyumbani kila anapopunguzwa, kama sufuria iliyoazimwa. Alimwambia kaburi halitakwenda popote, hata likiwa upande wa baba mdogo, na kwamba dakika tano za ngozi ya mbuzi hazijawahi kumuua mtu.

"Wewe unajua kinachotafutwa hapa?"

"Najua, mama. Dominika ameniambia." Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Nakuomba hivyohivyo."

Hilaria alimfuta mwanawe uso kwa ncha ya kanga mpya, ile ya kampuni. Kisha akatoka uani, akawaambia wageni wake kwamba atakaa kwenye kigoda Jumamosi. Ngozi atavaa. Rozari havui. Na mchezo uwe kwa Kichagga, kama kawaida, kwa sababu isale halijui Kiswahili. Alikubali haraka mno. Vedastus alifurahi, lakini Ambrosi, aliyemfahamu miaka thelathini, alishuka njiani akigeuka nyuma mara tatu.

*

Jumamosi walifika thelathini na wawili. Waliona pango, wakamwona kinyonga, wakaelezwa kwamba mbega wamelala. Wakati wa mchezo walikaa kwenye mabenchi, na nyuma ya uzio wa miti midogo ya kafulila kijiji kizima kilikuwa kimejaa, kikichungulia bure. Mzee Leodegar na wenzake walikuwa mahali pao katika ngozi, kata mikononi. Hilaria aliketi kwenye kigoda, mgongo wima, rozari shingoni juu ya ngozi ya mbuzi. Mgeni mmoja wa kike, mzee wa nywele nyeupe, alimpiga picha akamwambia kwa ishara kwamba amependeza, na Hilaria akamwitikia kwa kichwa kama malkia.

Ambrosi akaja. Alikuwa amechuma isale asubuhi ile, bichi, na kwa uvivu alilichuma palipokuwa karibu: kwenye kichipukizi kimoja cha njiani, ambacho Denis alikisahau. Fundo lilikuwa limefungwa vizuri. Akapiga magoti juu ya changarawe, akalinyanyua kwa mikono miwili.

"Shemeji yangu, nimekukosea. Pokea isale."

Alipocheza Dominika, hapo ndipo mkono ulipokuwa ukinyooshwa. Hilaria aliacha mikono yake mapajani.

"Umenikosea nini?"

"Niliiba ng'ombe wako."

Hilaria akageuza kichwa taratibu kwa wazee. "Mzee Leodegar, mimi nimewahi kuibiwa ng'ombe?"

Leodegar alikuwa na mbege mdomoni. Akaimeza. Swali halikuwemo katika mchezo, lakini lilikuwa swali la ng'ombe, na mzee wa Kichagga akiulizwa habari za ng'ombe hawezi kukaa kimya hata awe kaburini.

"Hapana," akasema. "Ulikuwa na mmoja tu, mwekundu. Alikufa kwa ndigana mwaka wa themanini na nane. Mimi nilipata kidari."

"Basi hili isale linaombea msamaha ng'ombe gani?"

Nyuma ya uzio mtu alicheka, akanyamazishwa. Vedastus, kwenye mabenchi, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanamke anamkumbuka ng'ombe wake, na kwamba huo ni mtindo wa ushairi. Ambrosi aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Shemeji, ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo," Hilaria alisema, bila kunong'ona, "liweke chini."

Ambrosi aliangalia jani mikononi mwake. Watu wote waliokuwa nyuma ya uzio waliliangalia jani lile. Mtu akikataa isale analaaniwa, sawa, lakini Hilaria hakuwa amelikataa; alikuwa ameuliza tu. Na aliyelinyanyua isale akaliweka chini mwenyewe, bila kupokelewa, huyo hakuna aliyemwonea wivu. Inasimuliwa habari ya bwana mmoja wa Rombo aliyelitupa kwa hasira: alipiga chafya miaka kumi na moja, hata siku ya kuzikwa kwake sanduku lilishtuka mara mbili. Labda wameongeza. Lakini Ambrosi aliisikia hadithi hiyo akiwa mtoto, kwa bibi yake, gizani, na mambo ya namna hiyo hayatoki mwilini kwa sababu tu mtu ameshirikiana na kampuni.

Hakuliweka.

Manyunyu yakaanza. Changarawe ilikuwa mpya na kali, na magoti ya Ambrosi yalikuwa ya miaka hamsini na sita. Vedastus alikuja akiinama, akamwambia Hilaria kwa Kiswahili cha haraka kwamba atamwongezea, aseme tu ni kiasi gani, wageni wanalowa. Hilaria aliendelea kumtazama Ambrosi. Vedastus akamgeukia Bernadetha, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, akamwamuru awachukue wageni awapeleke pangoni, sasa hivi, mchezo umekwisha.

Bernadetha alishuka ngazi ya kibanda. Akapita mbele ya mabenchi. Akaja hadi kwenye kigoda cha mama yake, akasimama nyuma yake, na hapo akakaa kama nguzo.

"Haujaisha," akasema.

Wakati huo Mzee Leodegar alikuwa anahangaika na kifungo. Alivua ile ngozi ya mbuzi, akaikunja, akaiweka juu ya kata ya mbege. Ndani alikuwa na koti lake la kanisani. Akatoa kofia mfukoni, akaivaa, akaja mbele kwa fimbo yake. Wenzake watatu wakatazamana, wakavua na wao. Wageni walipiga picha nyingi sana hapo, wakidhani ni sehemu nzuri ya mchezo.

"Ambrosi," Leodegar alisema, na sauti yake haikuwa na mbege tena. "Baba yako nilikuwa naye. Jani umelishika. Taja."

"Mzee..."

"Isale halipokelewi likiwa bubu. Taja, tukale."

Ambrosi aliinua uso. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye zile nyusi za Filemon. Hilaria alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kahe hakuona uchungu kuzitazama.

"Nilihamisha mpaka," Ambrosi akasema.

"Hatua ngapi?"

"Shemeji, jamani."

"Jani linasikiliza."

"Kumi na mbili." Yakaanza kutoka yote, kama mtama kutoka gunia lililotoboka. "Ulipokuwa Kahe. Kampuni ilitaka pango. Na kaburi... kaburi la kaka sikulitaka mimi, lilikuwa katikati ya njia. Niliwaambia wasikae juu yake. Niliwaambia."

Sasa alikuwa analia, na hakulia kwa mchezo. Yule bibi wa nywele nyeupe alimshika Vedastus mkono akamuuliza jambo, na baadaye Denis, aliyekuwa karibu, alieleza jambo lenyewe: bibi aliuliza kwa nini mzee analia hivi kwa ajili ya ng'ombe. Vedastus, jasho likimtoka kwenye mvua, alijibu kwamba alikuwa ng'ombe mkubwa sana.

Hilaria akanyoosha mikono miwili, akalipokea jani.

"Nimepokea, shemeji. Inuka, utaugua magoti."

Walikunywa mbege kutoka kata moja, kama desturi inavyotaka, na alimsaidia kunyanyuka kwa kumshika kwapa. Kisha akavua ngozi, akamkabidhi Vedastus, akaanza kupanda njia ya changarawe. Wazee wakamfuata, Bernadetha akafuata, kijiji kikavunja uzio wa kafulila kikafuata, na wageni thelathini na wawili, ambao walikuwa wamelipa na hawakutaka kupitwa, wakafuata pia. Kwenye vile vichipukizi Leodegar alisimama, akapitisha fimbo kutoka kimoja hadi kingine. "Hapa," alisema kila alipogusa. "Hapa. Na hapa." Kumbukumbu yake ilikuwa imerudi yote. Alikumbuka hata mvua iliyonyesha siku ya ule ugawaji, na nani aliyekuja bila kualikwa.

Mstari uliacha pango upande wa Hilaria, na kaburi upande wa Hilaria. Uliacha vilevile upande huohuo, kwa kuwa mstari haupendelei mtu, kile kibanda cha tiketi.

*

Wiki iliyofuata hakukuwa na wageni. Watu walisema kampuni imekimbia, wengine wakasema inatafuta wakili, na Bernadetha aliamka kila asubuhi, akafagia kibanda, akarudi kukaa bila kazi. Hakumlaumu mama yake, wala hakumsifu. Alifuta kile kibao cha mbega kwa kitambaa. Siku ya nne alichukua kipande cha mbao, akaandika kwa rangi iliyobaki, akakisimika kaburini: Filemon, fundi baiskeli, mume wa Hilaria. Alifikiri kidogo, akaongeza chini yake: peke yake.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, gari la kampuni lilipanda polepole. Ndani mlikuwa na wageni wanane na yule bibi wa nywele nyeupe, aliyerudi kwa pesa yake. Gari lilisimama mbele ya mstari wa masale, uliopandwa upya na Ambrosi mwenyewe, Denis akimsaidia. Vedastus alishuka, akaangalia huku na huku kutafuta nani wa kumwamuru afungue njia. Kulikuwa na Denis tu, na Denis alikuwa akimfungua kinyonga uzi.

"Hodi," Vedastus akaita.

Hilaria alikuwa uani, chini ya bati lake linalong'aa, mabeseni ya plastiki yameanikwa nje yote, jekundu, la bluu na lile lenye tundu. Alikuwa anamenya ndizi. Alimenya moja, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Hodi, mama."

Akamenya na ile. Hodi ya tatu ilipokuja ilikuwa na sauti ya mtoto aliyefunzwa adabu. Hilaria akapangusa mikono, akachukua kitabu cha sala kabatini, akashuka hadi kwenye masale, akasimama upande wake. Vedastus akaamkia, naye akaitikia marahaba. Kisha akafungua kitabu cha sala alichokuwa amekitia kwapani, akatoa karatasi ndogo yenye muhuri uliogonga pembeni, akaiangalia kana kwamba anasoma bei.

"Karibu," alisema. "Bernadetha yuko kibandani. Sijui tu akukatie ipi, mwanangu. Wewe ni mgeni, au ni mwenyeji?"